Kamati ya klabu ya kompyuta: gawaneni kazi kabla ya vyeo

Klabu ya kompyuta ya kujitolea huanguka siku yule mmoja aliyeshika ufunguo, nywila na pesa anapopata kazi Nairobi. Kamati huundwa ili jambo hilo lisitokee, kwa hiyo kabla ya kupigia kura vyeo, andikeni ni nani atashika nini.

Watu watano wanatosha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, msimamizi wa vifaa na mratibu wa walimu. Idadi witiri husaidia kuzuia kura kufungana. Akidi, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, iwe watatu. Mkisema lazima wote wafike, mikutano itaahirishwa mpaka watu wachoke. Wikendi asubuhi watoto wengi wako madrasa, basi pangeni vipindi na vikao baada ya alasiri.

Sheria ya Kenya ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022 inataka kundi liwe na watu wasiopungua 10. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, kwa sisi wa Mombasa iwe Kisauni, Likoni au Changamwe, mkiwa na katiba, kumbukumbu za kikao cha kuanzisha kundi na orodha ya wanachama pamoja na nambari za vitambulisho. Cheti mtakachopewa ndicho benki itakachoulizia. Wekeni watia saini watatu, wawili kati yao waidhinishe kila malipo, na wasitoke nyumba moja. Michango isikae katika M-Pesa ya mtu binafsi hata kwa wiki moja: ikichanganyika na pesa zake, hakuna hesabu itakayoaminika tena.

Kazi inayodharauliwa kuliko zote ni ya msimamizi wa vifaa. Rejista yake isiishie kwenye "kompyuta 8". Kwa kila mashine aandike nambari ya kiwandani, ukubwa wa memori (RAM) na wa diski, kwa sababu kinachoibwa mara nyingi ni kilicho ndani: kasha liko pale pale, memori ya GB 8 imegeuka GB 4. Tena hapa Pwani kuna hewa ya chumvi. Mashine iliyokaa bila kuwashwa hushika unyevu, miguu ya memori, yaani vile vipande vya chuma vinavyochomekwa, ikafifia, na ukiiwasha inalia tu bila picha. Chomoa umeme, toa memori, sugua miguu yake taratibu kwa kifutio laini, pangusa, rudisha. Kila mashine iwashwe angalau mara moja kwa wiki.

Mratibu wa walimu ahakikishe mtu mzima habaki peke yake na watoto. Wawe wawili kila kipindi. Majina na picha za watoto zinahitaji idhini ya mzazi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, nayo iwe ya maandishi.

Nywila za mashine, ruta na barua pepe ya klabu ziandikwe katika nakala mbili, bahasha zifungwe kwa saini, moja kwa mwenyekiti na moja kwa katibu. Afisa anapoondoka, zote zibadilishwe siku hiyo hiyo mbele ya wanakamati wawili, na rejista ikaguliwe mashine kwa mashine kabla hajatia saini ya makabidhiano.