Mndimu unaopukutisha majani baada ya kupata maji

Kila mwaka, kiangazi cha kaskazi kinapokwisha na masika kuanza hapa Malindi, wakulima hunijia na lalamiko moja: mndimu uliovumilia miezi mikavu ukiwa na majani yaliyojikunja umeyapukutisha siku chache baada ya mvua ya kwanza. Wengi huamua kwamba mti umekufa na kuung'oa, jambo linalonisikitisha sana, kwa sababu mara nyingi mti huo ungali hai.

Udongo unapokauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huyaamuru majani yafunge vile vitundu vidogo vilivyo upande wake wa chini, ili maji yasipotee hewani. Jua likikaza zaidi, majani huvuta maji hata kutoka kwenye matunda, ndiyo maana ndimu huwa teketeke alasiri na ngumu alfajiri. Wakati huo mizizi hujaa malighafi ya ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi tunazozivundika, lakini kwa kuwa maji yanayopanda ni haba, malighafi hiyo hukwama huko chini. Mvua inaponyesha, hupanda pamoja na maji hadi majanini, ikageuka gesi, na vikonyo vikakatika. Watafiti waliieleza hali hii mwaka 1992, walipochunguza miche ya mchenza wa aina iitwayo Cleopatra.

Kabla ya kushika jembe, basi, kwaruza gome la tawi kwa ukucha. Likiwa kijani na bichi ndani, subiri. Kiu ya kadiri ikifuatwa na maji mengi huuchochea mti kuchanua, na wakulima wa malimau wa Sicily, kisiwa cha Italia, huinyima miti yao maji makusudi ili wapate matunda nje ya msimu.

Kiu isiyofaa kabisa ni ile inayorudi baada ya maua, vitunda vikiwa bado vidogo kama punje za kunde, kwani mti huviangusha. Katika majuma hayo ningependa mkulima amwagilie bila kukosa, tena aonje kwanza maji ya kisima chake, maana mndimu hauvumilii chumvi, na visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya magadi. Atandaze makuti makavu chini ya mti, akiyaweka mbali kidogo na shina ili gome lisioze.