Mtoto harefuki na nyie mnasema "atavuta tu": maswali na majibu kuhusu tezi ya pituitari

Nafanya kazi kliniki ya watoto, na kinachonichosha ni kimoja: analetwa mtoto wa miaka 13 ana kimo cha wa miaka 7, mzazi anakwambia tulikuwa tunasubiri avute. Haya ndo maswali ninayoulizwa kila siku.

Hiyo pituitari ndo nini?

Ni tezi ndogo kama punje ya njegere, imening'inia chini ya ubongo, usawa wa nyuma ya pua. Inatoa homoni ya ukuaji, halafu inaziamrisha tezi zingine, ile ya shingoni, zile zilizokaa juu ya figo, na ovari au korodani.

Inaharibikaje mtoto akiwa bado tumboni?

Hapa yai la kuku limetufundisha sana, maana unatoboa kidirisha kwenye gamba unachungulia kiinitete, yani kifaranga kinachoanza kujiunda, siku kwa siku mpaka zile 21 zitimie. Kama siku ya 3 hivi, paa la mdomo wa kiinitete linabonyea kwenda juu linakuwa kifuko, kinakutana na sakafu ya ubongo inayoshuka, kile kifuko kinakuwa sehemu ya mbele ya tezi na ule ubongo unakuwa sehemu ya nyuma. Baada ya hapo jeni, yani maagizo ya kurithi yaliyo ndani ya seli, zinawashwa kwa zamu, LHX3 mapema, POU1F1 baadaye, na kila kundi la seli linatokea kwa wakati wake. Seli zinazoziamsha tezi za juu ya figo zinaonekana karibu siku ya 7, za homoni ya ukuaji zinakuja kwa wingi kati ya siku ya 12 na ya 16. Na hizi za ukuaji zinasubiri kusukumwa: ukichukua seli za siku ya 11 ukaziwekea kotikosteroni, homoni ya zile tezi za juu ya figo, zinaanza kazi kabla ya muda wao. Kwa binadamu kifuko kinaanza kama wiki ya 4 ya mimba na jeni nyingi ni hizo hizo. Moja ikiwa na hitilafu, mfano PROP1 au POU1F1, mtoto anazaliwa na tezi isiyotoa homoni kadhaa. Sababu zingine zipo, ila siziandiki hapa.

Lakini wangu alizaliwa na kilo 3 na nusu, si ina maana tezi ni nzima?

Hapana. Rudi kwenye yai: siku ya 12 kifaranga kina mdomo, mabawa na vidole vya miguu, na seli za homoni ya ukuaji ndo kwanza zinachomoza. Mtoto tumboni naye anakua zaidi kwa chakula cha kondo na insulini. Uzito wa kuzaliwa hauwezi kukwambia chochote kuhusu tezi hii, jamani, msiutumie kujifariji. Angalia mengine: kichanga ambaye sukari yake inashuka mara kwa mara, analegea, anatetemeka, hanyonyi, au manjano imepita wiki mbili haijaisha, au wa kiume uume ni mdogo kupita kiasi. Anayelegea au kupata degedege ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kesho asubuhi.

Kwetu wote wafupi, si karithi?

Inawezekana. Ila mfupi wa kurithi anaongezeka kila mwaka kama wenzake. Kuanzia miaka 4 mpaka kabla ya kubalehe mtoto anapanda kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, akipanda chini ya 4 mlete. Suruali ya shule ya miaka miwili iliyopita bado inamfika kisiginoni, na wewe unafurahi umeokoa hela?

Si atavuta akibalehe?

Hapana, usisubiri. Wapo wanaochelewa halafu wakavuta, sikatai, lakini anayejua kama wako ni wa hivo ni daktari, kwa vipimo vya damu na eksirei ya mkono wa kushoto inayoonyesha umri wa mifupa, sio shangazi. Mifupa ikishafunga miisho yake hakuna sindano itakayomrefusha, yani hakuna. Narudia kwa sababu kila wiki narudia: usisubiri.

Na vidonge vya kurefusha wanavyouza mtandaoni?

Achana navyo. Homoni ya ukuaji ni protini, ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama nyama, ndo maana inachomwa chini ya ngozi. Zamani ilikamuliwa kwenye tezi za maiti, ikaambukiza watu ugonjwa wa ubongo, ikasitishwa, na tangu 1985 inatumika ya kutengenezwa maabara. Kila chupa ya vitamini unayojaribisha kwanza inakula miezi ya mtoto.

Nikija nije na nini?

Kadi ya kliniki, na kipimo chochote cha urefu chenye tarehe. Mama mmoja alikuja na picha ya fremu ya mlango kwenye simu, mistari mitatu ya penseli, mmoja kwa kila mwaka. Yote mitatu niliifunika kwa kidole gumba.