Namba moja duniani katika tenisi: maana yake, na kisa cha Dinara Safina

Ukisikia mchezaji wa tenisi anaitwa namba moja duniani, usidhani kuna fainali fulani aliyoshinda ndipo akavikwa cheo hicho. Ni hesabu ya pointi alizokusanya katika wiki 52 zilizopita. Kila mashindano hutoa pointi kulingana na ukubwa wake na hatua aliyofikia mchezaji. Yale makubwa manne ya Grand Slam, yaani Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, ndiyo yenye pointi nyingi zaidi: bingwa huondoka na 2,000. Mwaka ukizunguka, pointi hizo hufutwa, na mchezaji hana budi kurudi kuzitetea.

Ndiyo maana mtu anaweza kuongoza orodha bila kuwahi kutwaa hata taji moja kati ya hayo manne. Dinara Safina wa Urusi alifika hapo Aprili 20, 2009, na akakaa kileleni kwa jumla ya wiki 26.

Wengi walisema orodha ile ilidanganya, kwa sababu Serena Williams ndiye aliyekuwa akishikilia mataji ya Marekani na Australia, na Julai akaongeza la Wimbledon. Binafsi naona Safina alionewa. Tazama mwaka wake ulivyokwenda. Mei 2008 mjini Berlin alimtoa Justine Henin, namba moja wa wakati huo, kisha Serena mwenyewe, na kwenye fainali akamfunga Elena Dementieva. Akafika fainali ya Ufaransa. Akashinda Los Angeles, Montreal na Tokyo, na katikati ya hayo akaleta medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Beijing. Mwaka 2009 alicheza fainali ya Australia, akatwaa Rome na Madrid, akarudi tena fainali ya Paris. Serena alivuna kwenye makubwa. Safina alivuna karibu kila alikokwenda, na orodha huhesabu vyote.

Kilichomshinda ni fainali za Grand Slam zenyewe. Alifungwa na Ana Ivanovic mwaka 2008, na Serena kwa 6-0, 6-3 kule Melbourne, kisha na Mrusi mwenzake Svetlana Kuznetsova. Kaka yake, Marat Safin, aliyewahi naye kuwa namba moja, alikuwa na mataji mawili makubwa, na kulinganishwa naye kulimwongezea mzigo.

Caroline Wozniacki wa Denmark, naye namba moja bila taji kubwa, alipitia lawama zilezile kuanzia 2010, akavumilia hadi akashinda Australia mwaka 2018. Safina hakupata muda huo. Maumivu ya mgongo yalimsimamisha, akacheza mechi yake ya mwisho Madrid mwaka 2011 akiwa na miaka 25, na mwaka 2014 akaaga rasmi katika mji huohuo.