Uzee wa Seli na Bakuli la Hamira

Dhana: Uzee ni kuchakaa tu, kama kanga iliyofuliwa mno.

Hii naisikia barazani hapa Wete tangu utotoni. Kuchakaa kupo, lakini kuna na jengine. Jana alasiri shangazi alisaga mchele kwa tui, akatia hamira, akaliweka bakuli karibu na jiko. Punde unga ukaumuka, vipovu juu. "Mwanangu, hii si imo hai?" Imo hai, shangazi, na inazeeka.

Hamira huzaa kwa kuchipua. Seli mama hutoa kitoto, kisha chengine. Akishazaa mara 20 na kitu huchoka, akafa, ilhali kitoto chake kinaanza umri upya. Ndani ya kiini cha mama huyo mna kidonge kisicho na utando, nukleoli, ambacho kazi yake kubwa ni kuunda ribosomu, mitambo ya kutengenezea protini. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, walionyesha kuwa kidonge hicho hubaki kidogo sehemu kubwa ya maisha ya mama, halafu kikishafika ukubwa fulani hufura ghafla. Tangu hapo mama huzaa kama mara 5 tu kwa wastani. Kikifura, huingia protini ambazo kawaida huzuiwa nje, na vinasaba vilivyomo huvurugika. Walipokizuia kisifure mapema, hamira ikaishi zaidi. Mimi hapa ndipo nilipoduwaa: uzee wenye saa, na saa yenyewe inacheleweshwa!

Dhana: Nukleoli kubwa ndiyo nguvu.

Kinyume chake. Mwaka 2017, kundi la mtafiti Adam Antebi huko Cologne, Ujerumani, liliona minyoo, nzi na panya wa umri mrefu wana nukleoli ndogo. Mwaka huohuo, watafiti wa taasisi ya Salk, Marekani, walikuta seli za wagonjwa wa projeria, maradhi ya kuzeeka utotoni, zina nukleoli zilizovimba.

Dhana: Basi ukifunga unarudi ujanani.

Taratibu. Hao wa Cologne walipima misuli ya watu waliopita miaka 60, waliopunguza chakula kiasi na kufanya mazoezi, wakakuta nukleoli zimepungua. Kilichopimwa ni ukubwa wake, si miaka waliyoongeza. Na saumu ni ibada. Inaniuma kuiona ikinadiwa kama dawa ya ujana.

Shangazi akaliinua kawa, akachungulia. "Na sisi saa hiyo tunayo?" Nukleoli tunayo, shangazi. Kama kwetu nayo hufura ghafla na kuhesabu siku kama kwenye hamira, hilo bado halijathibitishwa.