Kuuza picha za ukutani mtandaoni: yanayosemwa kuhusu hostingi, na yalivyo

"Chukua gigabaiti nyingi, mengine utajua mbele." Ushauri huu wapiga picha tunapeana sana tunapokodi hostingi, yaani nafasi ya kuweka tovuti hewani, na ndio unaotumalizia hela. Tupige hesabu. Picha ya kuchapwa saizi ya A3, kwa nukta 300 kwa inchi, inataka pikseli 3508 kwa 4961. Faili hilo ni la mchapaji. Mnunuzi anayeangalia kwenye simu anatosheka na picha yenye upande mrefu wa pikseli 1600 hivi, na ukiibana vizuri haizidi kilobaiti 500. Picha 200 za namna hiyo hazizidi megabaiti 100! Mafaili makubwa yakae kwenye diski yako, na nakala nyingine mahali tofauti. Ukiyapandisha kwenye tovuti unamlia mteja bando, ukurasa unagoma kufunguka, na mwizi anapata picha iliyo tayari kwenda kiwandani.

"Hostingi hii haina kikomo." Kikomo kipo, ila kimeandikwa kwenye masharti: idadi ya mafaili, na nguvu ya seva mnayochangia na wengine. WordPress, programu ya kujengea tovuti, hutengeneza nakala za saizi kadhaa kwa kila picha unayopandisha, kwa hiyo picha zako 200 zinaweza kuwa mafaili zaidi ya 1000. Uliza idadi hiyo kabla ya kulipa.

Cheti cha usalama wa tovuti, kile kinacholeta https mwanzoni mwa anwani, usiuziwe kwa bei ya kutisha. Shirika la Let's Encrypt linatoa cheti hicho bure, na hostingi nyingi hukiweka zenyewe.

"Tovuti ikiwa hewani, malipo yataingia." Hapana. Hostingi ni pango la duka tu, pesa hupokewa na kampuni nyingine. Ipo inayokubali kadi ya mteja kutoka popote duniani lakini haifungui akaunti kwa muuzaji aliye Tanzania. Anza na kampuni ya malipo inayomkubali muuzaji wa nchi yako, kisha ndipo utafute hostingi inayoendana nayo. Pesapal, kwa mfano, hupokea kadi na pesa za simu, na inaunganishwa na WooCommerce, programu ya duka ndani ya WordPress.

La mwisho linaniuma mwenyewe: "Domeini, yaani jina la tovuti, ni ya anayeilipia." Ni ya aliyeandikishwa kuwa mmiliki. Nililipia jina langu miaka mitatu, na siku nilipotaka kuhama nikakuta kampuni ya hostingi ilijiandikisha yenyewe. Majina ya .tz na ya .ke yana madaftari yake ya wamiliki; la .ke lipo chini ya shirika la KeNIC. Omba uone jina la nani limeandikwa pale, leo hii. Mimi sikuomba. Nyuma ya kila picha niliyouza nilikuwa nagonga muhuri wenye anwani ya tovuti ile, na sasa picha hizo ziko kwenye kuta za watu, na anwani haifunguki.