Kudai ndoa ya jinsia moja mahakamani: mlango uko wapi, na umefungwa na nani

Tuanze na maneno yenyewe ya sheria, maana nusu ya mabishano ya kwenye matatu yangekwisha kama watu wangeyasoma. Kifungu cha 45(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Miaka minne baadaye Sheria ya Ndoa, katika kifungu chake cha 3, ikakaza fundo: ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uwe wa mke mmoja au wa wake wengi. Wanawake wawili wakimpelekea Msajili wa Ndoa ile ilani ya siku 21, atawarudisha, na sheria iko upande wake.

Wapo mawakili wanaosema 45(2) inatoa haki kwa wa jinsia tofauti bila kuwakataza wengine kwa maneno. Hoja hiyo si ya kipuuzi, lakini mahakama zetu hazijaikubali, na anayeibeba peke yake anakwenda vitani na fimbo moja.

Linganisha na Afrika Kusini. Katiba yao ya 1996, kifungu cha 9(3), inataja mwelekeo wa kimapenzi kwa jina kati ya mambo ambayo serikali haiwezi kumbagulia mtu, na haisemi ndoa ni ya nani na nani. Kwa hiyo kesi ya Fourie, ya kudai ndoa ya jinsia moja, ilipofika Mahakama ya Katiba, kizuizi kilikuwa sheria ya ndoa ya 1961 na kanuni za kimapokeo za mahakama, vitu ambavyo Katiba inavizidi nguvu. Uamuzi wa tarehe 1 Desemba 2005 ukalipa Bunge miezi 12 kurekebisha. Sheria mpya ya kuruhusu ndoa hizo ilianza kutumika tarehe 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda kwisha. Ila kabla ya Fourie walikuwa wameshapita ngazi nyingi: 1998 waliondoa kosa la jinai, 1999 wakapata haki za uhamiaji kwa wenzi wa kigeni, 2002 wakapata pensheni na kuasili watoto. Ndoa ilikuja mwisho.

Marekani nako Katiba haitaji ndoa hata mara moja. Mwaka wa 1972 Mahakama ya Juu ya huko iliitupa rufaa ya wanaume wawili wa Minnesota kwa sentensi moja. Tarehe 26 Juni 2015, katika kesi ya Obergefell, dai kama hilo likashinda kwa majaji watano dhidi ya wanne, likisimama juu ya Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka wa 1868, yanayolinda usawa mbele ya sheria. Maandishi hayakubadilika kwa miaka hiyo 43. Kilichobadilika ni jinsi majaji walivyoyasoma.

Kenya shida ni nyingine. Kifungu cha 27 cha usawa na cha 45 vyote ni Katiba, tena vyote vimo katika Sura ya Nne, na jaji hawezi kutumia kimoja kufuta kingine. Anayetaka 45(2) isomeke vinginevyo waziwazi hana budi kuipeleka kwa wananchi. Kifungu cha 255 kinataka kura ya maamuzi kwa mabadiliko yanayogusa haki za msingi: wingi wa kura nchini, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika kila mojawapo ya nusu ya kaunti. Ikiwa ni mpango wa wananchi, sahihi milioni moja kwanza. Kwa hali ya siasa ilivyo, hakuna anayeijua kazi hii atakayekwambia ni ya leo.

Ndiyo maana kesi zilizofika Mahakama Kuu ya Milimani, Nairobi, hazikuomba ndoa. Maombi nambari 150 na 234 ya 2016 yalilenga Kanuni ya Adhabu: kifungu cha 162, chenye kifungo cha miaka 14 kwa kujamiiana "kinyume cha maumbile", na cha 165, miaka 5 kwa vitendo vya aibu kati ya wanaume. Walalamishi walisema wazi kwamba hawatafuti ndoa. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wakayatupa maombi, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba kuondoa makosa hayo kungewafungulia watu wa jinsia moja njia ya kuishi kama wanandoa, kinyume cha 45(2). Kifungu cha ndoa kikaziba kesi isiyokuwa ya ndoa. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye funzo kubwa kuliko pote: hata usipotaja ndoa, jiandae kuijibu.

Kesi iliyoshinda ilikuwa ndogo kwa makusudi. Mlalamishi, aliyetambulishwa kwa herufi EG tu, alinyimwa kusajili jina la shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Alikuwa na mambo matatu mkononi: uamuzi mahususi wa kukataliwa, ofisi iliyokataa, na haki moja iliyoguswa, yaani uhuru wa kujumuika wa kifungu cha 36. Alishinda Mahakama Kuu 2015, Rufaa 2019, na Mahakama ya Juu tarehe 24 Februari 2023, majaji watatu kwa wawili. Walio wengi walisema neno la Katiba linalokataza ubaguzi wa kijinsia katika 27(4) linabeba pia mwelekeo wa kimapenzi. Ombi la kuupitia upya uamuzi huo likakataliwa Septemba mwaka huohuo. Miaka kumi, kwa usajili tu! Na hukumu hiyo haikuhalalisha ndoa wala kufuta kifungu cha 162, japo mitaani ilisimuliwa hivyo.

Anayeandaa ombi la namna hii afuate Kanuni za 2013 za kulinda haki za msingi. Ombi litaje mlalamishi, mambo yaliyotokea, kifungu kilichovunjwa, madhara aliyoyapata, kesi nyingine zinazohusiana, na nafuu anayoomba. Mengi huanguka hapa. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, mahakama hudai mlalamishi aoneshe kwa usahihi kifungu gani kimevunjwa na kwa namna gani. Kurundika vifungu kumi bila kuvifungamanisha na tukio hakusaidii. Kosa la pili ni kuja bila tukio: hujaomba chochote, hujakataliwa popote, unauliza swali la darasani. La tatu ni kuegemea hukumu za nje, ambazo kwa majaji wetu ni ushawishi tu. Wengine huleta ndoa za mwanamke kwa mwanamke za Wakamba na Wanandi, kwa kuwa mwaka wa 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua moja katika mirathi. Tunaona ni hoja dhaifu. Mila ile ni ya kuendeleza nyumba isiyo na mrithi wa kiume, si ya mapenzi, na wazee watakuja kusema hivyo kwa kiapo.

Ukishindwa, ilani ya rufaa ni siku 14. Zimewapita wengi wakisubiri nakala ya hukumu.

Wakati huo watu wanaishi, wananunua viwanja Ruiru na Kitengela, na wanakufa. Ndoa hubeba mambo ambayo wenzi wasiooana hulazimika kuyaandika moja moja. Wawili wakinunua ardhi wakadhani aliyebaki atachukua yote, wamekosea: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 91, inaruhusu umiliki wa namna hiyo kwa wanandoa pekee, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Wengine wote huhesabiwa kuwa na hisa mbalimbali, na hisa ya marehemu huenda kwa warithi wake, yaani ndugu. Dawa ni wasia: wa maandishi, umetiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mwenzako asiwe shahidi, kwani shahidi anayerithi huhitaji wawili wengine wasio na maslahi. Hata hivyo watoto wa marehemu, na wazazi aliokuwa akiwatunza, wanaweza kuiomba mahakama iwatengee fungu.

Hati ya kumpa mwenzako mamlaka ya kukuwakilisha hufa nawe, haimfai kitu mbele ya karani wa mochari. Na kuhusu kaburi, wasia wenyewe hautoshi: tangu kesi ya 1987 ya kugombania mazishi ya wakili S.M. Otieno, matakwa ya marehemu juu ya atakapozikwa huzingatiwa tu, hayamfungi mtu.