Mbu wa Mtungini, Malaria ya Safarini: Maswali Kutoka Mitaa ya Nairobi

Nairobi ni baridi. Kweli kuna malaria huku?

Wagonjwa wapo, ila wengi wao waliumwa na mbu kwingine. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu. Mara nyingi mbu hufa kabla havijawa tayari. Malaria tunayoiona hapa hushuka na abiria kwenye basi. Mtu ameenda Siaya, Busia au Kilifi kwa matanga au likizo ya Desemba, amelala bila neti, siku kumi au kumi na tano baadaye anatetemeka Kayole akidhani ni mafua.

Kwa hiyo ukifunga safari ya huko, neti iingie begini kabla ya mkate na sukari. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 ndio huzidiwa haraka zaidi.

Basi hawa wanaotuimbia masikioni usiku kucha ni wa nini?

Wengi ni kuleksi, mbu wa maji machafu: mitaro iliyoziba, mashimo ya vyoo. Wanakera, lakini malaria hawaenezi. Malaria huenezwa na anofelesi jike, ambaye pia huuma usiku.

Wa kuangaliwa zaidi mjini ni mwingine, aedesi. Ni mweusi, ana madoa meupe miguuni, na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya. Milipuko mikubwa imetokea Pwani, kama ule wa chikungunya uliosumbua Mombasa kuanzia mwishoni mwa 2017, lakini mbu mwenyewe Nairobi yupo, na wasafiri hawakomi.

Huyo wa mchana anazaliwa wapi?

Nyumbani kwako, pengine. Anapenda maji yaliyotulia, na sisi tunamwekea. Maji ya mfereji yakija kwa mgao, kila nyumba kwenye ploti inajaza pipa, mitungi na ndoo. Funua pipa lililokaa wiki nzima bila kifuniko, ligonge ubavuni: ukiona vijidudu vyembamba vikijipinda na kukimbilia chini, hao ni viluwiluwi vya mbu. Kukiwa na joto, yai huwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi hivi.

Watu wengi humwaga maji wakadhani wamemaliza. Mayai ya aedesi hubandikwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa yakilowa tena. Sugua kuta za ndani kwa brashi kila wiki, ndipo ujaze upya. Kama kifuniko kilipotea, kitambaa cha wavu kilichokazwa kwa mpira wa tairi la baiskeli kinatosha. Maji yenye viluwiluwi yamwage kwenye udongo mkavu, usiyapeleke mtaroni.

Matairi makuukuu nyuma ya gereji, makopo, sahani za chini ya maua: mambo ni yale yale. Tangi la juu ya paa ni la mwenye ploti, naye aulizwe lina kifuniko au la. Wapangaji kumi wakisugua mapipa na tangi likaachwa wazi, kazi ni bure.

Kupuliza dawa si rahisi zaidi?

Huua mbu wanaoruka siku hiyo. Waliomo pipani watatoka wiki ijayo.

Nikishikwa na homa nifanye nini?

Pima kwanza. Tabia yetu ya kwenda kwa duka la dawa na kusema "nipe ya malaria na taifodi" inaficha magonjwa mengine. Kwenye zahanati, mwambie daktari ulikosafiri hata asipouliza. Kipimo cha malaria huchukua dakika chache tu.

Ikiwa dengi inashukiwa, tuliza homa kwa parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni ziache, zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, au damu ikitoka puani au kwenye fizi, usisubiri kuche. Nenda hospitali usiku huo huo, hata kama homa imeanza kushuka, kwa sababu dengi hubadilika kuwa mbaya wakati huo hasa.